Mawe Matatu ya Mashine

Fundi Derrick alipoifungua ile mashine mgongoni, Phelista aligeuza uso akautazama ukuta. Mwekahazina wa akina mama wa kanisa haangalii utupu wa mume wa mtu, sembuse utupu wa shetani. Ila ukutani palikuwa na kioo kidogo cha Hesbon cha kunyolea ndevu, na Mungu mwenyewe anajua si Phelista aliyekitundika pale. Ndani ya kioo hicho aliona kila kitu: nyaya za rangi zote, magurudumu matatu yaliyochorwa ndimu na kengele, na chini kabisa kitu kinene kama kidole gumba, kimetapika kijani juu ya ubao.

Derrick alipiga mluzi. "Buda, hii betri imeoza. Cheki vile imetapika."

"Imekufa ama ni mgonjwa?" Hesbon, mume wa Phelista, aliuliza.

"Iko ICU."

"Basi bado inapumua."

"Inapumulia stima, mzee. Ukichomoa kwa ukuta tu, kwisha. Mashine inasahau kila kitu mpaka jina ya mama yake."

Hesbon alicheka kwa adabu, kicheko kile alichokuwa akiwapa wenye mashamba akiwamiminia wiski, kifupi, midomo imefungwa. Zaidi ya miaka ishirini alikuwa mhudumu wa baa katika klabu yao hapo Kitale, ng'ambo tu ya ua wa michongoma. Mwaka huo wa elfu mbili na nne klabu ilipunguza wafanyakazi. Wengine walipewa barua na hundi. Hesbon alipewa barua na mashine ya kamari.

"Lakini hii kitu ulitoa wapi, buda?"

"Kamati ilinipa. Badala ya pesa yangu ya kwenda nyumbani."

Derrick akaanza kucheka, akatafuta mwenzake wa kucheka naye, akamkosa. Akarudisha macho kwenye nyaya.

Katibu wa klabu, Bwana Kipkosgei, ndiye aliyeitangaza zawadi hiyo. "Mzee Mukhisa," alisema, "hii si mashine, hii ni mali ya kale. Huko Ulaya mtu angeinunua kwa bei ya shamba." Hesbon akauliza, "Na hapa Kitale, bwana?" Bwana Kipkosgei akatazama saa yake, akasema ana mkutano.

Basi wanaume wanne wakaibeba kutoka baa hadi kwenye nyumba za wafanyakazi, betri yake wakati huo ikiwa bado na pumzi za kuifikisha. Kabati la vyombo likatolewa nje, likafunikwa nailoni chini ya upenu, na mashine ikachukua nafasi yake kati ya kitanda na jiko la mafuta, mkono wake wa chuma umenyooka juu kama mwanafunzi anayejua jibu.

Mnunuzi alipatikana Bungoma. Aliitwa Gikonyo, mwenye baa mbili na tumbo la baa tatu. Alikuja kuiona mara moja, akaigonga ubavuni kama mtu anayechagua tikiti maji, akatoa sharti lake. "Nitaiwasha, niweke pesa, nivute. Halafu nachomoa stima, narudisha. Ikikumbuka pesa yangu, nakupa elfu thelathini na tano hapa hapa. Isipokumbuka, tusalimiane tu. Mlevi akiweka pesa kwa baa yangu, stima ipotee, aseme alikuwa na mia nne huko ndani, mimi nitamjibu na Biblia?"

Tena kulikuwa na baya zaidi ya hilo, na Hesbon alilijua kuliko wote. Mashine ile ikisahau kabisa, hujifunga. Huwasha taa moja nyekundu, na hairudi duniani mpaka itiwe kifunguo kidogo cha chuma ubavuni. Kifunguo hicho kilikuwa na meneja wa zamani, Mzungu aliyerudi kwao na funguo zote za klabu mfukoni, hata wa choo cha wanawake.

"Kwa hivyo sizimi," Derrick alisema. "Nabadilisha ikiwa na moto. Nafunga mpya kwanza, ndio nakata ile mbovu."

"Kama askari wa geti," Hesbon alisema. "Wa usiku haendi mpaka wa mchana afike."

"Sasa umeshika, buda."

Betri ya aina ile haikupatikana Kitale nzima. Derrick alikuwa amekuja na kikasha cha plastiki alichokitoa kwenye radio iliyokufa, chenye nafasi ya mawe matatu madogo, betri za tochi, mapya kabisa. Alikuwa ameinama na chuma cha solda kinachofuka moshi wakati mlango ulipogongwa, na sauti tatu zikaitikiana huko nje:

"Hodi hapa kwa mwekahazina!"

"Yesu wangu," Phelista alisema. Akachukua kitambaa cha kufumwa cha kochi, akakirusha juu ya mashine.

"Mathe, usifunike! Nitaungua!"

Akakitoa. Akatazama huku, akatazama kule, akaona kwamba shetani hafunikiki. Akatoka nje, akaufunga mlango nyuma yake na kuuegemea kwa mgongo wake wote.

"Mama Viola, mbona tunasikia harufu ya kuungua?"

"Ni maharagwe."

"Na sauti ya mwanaume?"

"Fundi wa radio. Radio imekataa kushika kipindi cha injili."

Akina mama wakasikitika. Mmoja wao, mwenye karama ya kuombea wagonjwa, akasema jambo kama hilo si la kupuuza, huenda ni vita vya kiroho. Wakashikana mikono hapo hapo juani wakaiombea ile radio ipone, na katika wote walioitikia amina, wa sauti kubwa zaidi alikuwa Phelista.

Huko ndani Derrick alikuwa amemaliza. Alifunga kifuniko cha nyuma kwa mpira, maana skrubu zake zilikuwa zimeliwa na kutu, akamwambia Hesbon, "Mzee, sikia vizuri. Stima ikiwa iko, haya mawe unaweza toa, badilisha, fanya vile unataka. Stima ikiwa haiko, usiguse. Hayo ndio yanakumbuka. Ukitoa hata kidogo, kwisha."

"Nimesikia."

"Ambia mathe pia."

"Nitamwambia."

Na alikusudia kumwambia. Lakini Phelista aliingia na uso wake umekunjamana kama nguo iliyokamuliwa. "Usiniambie kitu ya hiyo mashine," alisema. "Leo wala kesho. Nimesimamisha watu wa Mungu kwa jua wakiombea radio tuliyouza Krismasi." Hesbon alifunga mdomo. Alikuwa mtu aliyelipwa miaka mingi kwa kufunga mdomo, na ufundi huo haukuwa umemtoka.

Derrick alipoondoka, Hesbon alichukua sarafu, akaipangusa kwenye suruali, akaitia. Phelista aliketi kitandani akijifanya anachambua mchele. Mkono wa chuma ukashuka, magurudumu yakazunguka, ndimu na kengele zikakimbizana zikachoka, na kwenye kidirisha cha juu ikabaki namba ndogo nyekundu. Hesbon akachomoa waya ukutani. Mashine ikafa. Akasimama akiitazama kama mtu anayesubiri daktari atoke. Akarudisha waya.

Namba ilikuwa pale pale.

"Imekumbuka," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeona mtoto akipiga hatua. "Mama Viola, imekumbuka!"

"Nimesema usiniambie."

Lakini alikuwa ameshaona, kwa kioo.

Jioni hiyo walikula ugali na sukuma, wakajenga nyumba. Walijenga kwa maneno, kwa bei za duka la vifaa alizokuwa nazo Hesbon kichwani.

"Mabati, miti, misumari. Ukuta tutakandika wenyewe."

"Na dirisha."

"Dirisha moja."

"Mawili. Moja ya jikoni. Nimemeza moshi ya kutosha katika maisha hii."

"Sawa, mawili. Wewe ndiye mwekahazina."

Kwao Kimilili Hesbon alikuwa na kipande cha shamba kando ya ndugu yake Bramwel, na juu ya kipande hicho palikuwa na nyasi tu. Kila alipokwenda mazishini huko, wazee walimwonyesha nyasi hizo kwa fimbo na kumwuliza kama ndizo anazofanyia kazi Kitale. "Unajua vile wanafanya," alimwambia mkewe. "Mtu asiye na nyumba akifa, wanamkandikia kibanda asubuhi, wanamlaza ndani apate kulala kwake, wakimaliza kumzika wanabomoa. Mimi sitaki nyumba ya asubuhi moja, Nekesa."

Alimwita Nekesa, jina lake la utotoni, mara chache, na kila mara ilikuwa jambo zito. Phelista alimwongezea mboga.

*

Gikonyo alisema atakuja Jumamosi. Jumamosi gari lake likakataa. Akasema Jumatano, na Jumatano shangazi yake akafa, na kwa jinsi alivyolisimulia jambo hilo kwenye simu, ungedhani marehemu alifanya makusudi. Akasema Ijumaa, bila kukosa. Kufikia hapo mwezi ulikuwa umekwisha, na mwezi huo ndio klabu ilikuwa imewapa wa kuhama.

Bwana Kipkosgei alikuja mwenyewe, na fundi wa stima mwenye ngazi begani.

"Mzee Mukhisa, bado mko?"

"Bado, bwana. Mnunuzi anakuja Ijumaa."

"Ijumaa ni yenu. Stima ni ya klabu."

Fundi akapanda ngazi huko nje, akakata. Bwana Kipkosgei aliingia chumbani bila kuvua kofia, akatazama juu. "Na balbu," alisema.

Hesbon alipanda juu ya kigoda. Aliifungua ile balbu polepole, akaipangusa vumbi kwa ncha ya shati, akampa kwa mikono miwili, vile alivyozoea kutoa glasi. "Asante, bwana," alisema. Ni Hesbon aliyesema asante. Neno hilo lilimuuma Phelista kuliko giza lililowangoja.

"Na ile koti nyeupe ya kazi?"

"Nimeifua, bwana. Haijapigwa pasi, kwa sababu..." Hesbon akatazama mahali stima ilipokuwa.

"Italetwa ikiwa imepigwa," Bwana Kipkosgei alisema. Kabla ya kutoka aliitazama mashine kwa upendo. "Mali ya kale hiyo. Itunzeni."

Alipofika mbali, Phelista alisema, "Ungemwambia balbu pia ni mali ya kale."

Hesbon hakucheka. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya mashine, akichungulia mawe yake matatu kwa mwanga wa mlangoni.

Tangu siku hiyo mashine iliishi kwa mawe tu. Na jambo la ajabu likampata Phelista: akaanza kuionea huruma. Kitu kilichokatiwa stima na Kipkosgei, kwa hesabu yake, kilikuwa upande wao. Akawa akipita anaipangusa. Mara moja alijikuta akiiambia pole alipoigonga kwa ndoo.

*

Ijumaa Hesbon aliamka akavaa tai. Alikwenda kwanza kwa Jerono, mpishi wa klabu, mama wa Kikalenjini mwenye mdomo mkubwa na moyo mkubwa zaidi, wakakubaliana kwamba Gikonyo akifika, Jerono atapitisha waya mrefu wa stima kutoka dirisha la jiko la klabu, juu ya ua, mpaka chumbani, Bwana Kipkosgei akiwa mkutanoni. Kisha Hesbon akaenda stendi kumlaki mgeni wake.

"Nikuachie kazi gani?" Phelista alimwuliza akiwa mlangoni.

"Omba tu," Hesbon alisema.

Phelista aliomba. Halafu akafagia. Halafu akaipangusa mashine mpaka ndimu zikawa kama zimechumwa asubuhi hiyo. Alipofika mgongoni aliona ule mpira, na nyuma ya mpira akayakumbuka mawe.

Yalikuwa yamefanya kazi usiku na mchana tangu stima ikatwe, bila kupumzika, hata Sabato. Na leo ndiyo siku yenyewe. Gikonyo atachomoa waya, na hayo mawe yenye uchovu ndiyo yataulizwa swali.

Phelista alizaliwa na kulelewa katika kijiji kiitwacho Kwanza, katika nyumba ya mzee aliyekuwa na radio. Katika nyumba hiyo hakuna aliyetupa jiwe la radio kwa sababu limechoka. Lilichoka kama mtu anavyochoka. Saa za asubuhi baba yake aliyapanga mawe juani, juu ya bati, akayageuza kama mahindi, na mchana matangazo ya vifo yalipokuja, radio ilinguruma mpaka jirani wakajua nani amekufa bila kutoka kwao. Kila mtu Kwanza alifanya hivyo. Hata mwalimu mkuu alianika.

Akautoa ule mpira. Akayatoa mawe moja moja, taratibu, kama mtu anayemvua mgonjwa shuka ili aifue, akitia akilini kila moja lilivyokuwa limelala. Ndani ya mashine hakuna kilicholia, hakuna kilichozimika. Kilichokwisha kilikwisha kimya.

Akayaweka kwenye ungo, ungo akaupandisha juu ya bati la bafu, mahali ambapo jua la Kitale hufika mapema. Akakaa kwenye kivuli akiyalinda, na kila mara akiinuka kuyageuza.

*

"Haraka, Mama Viola! Wameshafika getini! Shika waya!" Jerono alikuwa ametoa kichwa na mkono dirishani, na waya unaning'inia juu ya michongoma. "Huyo mtu akitoka mkutano atanikaanga mimi na mafuta yangu mwenyewe."

Phelista aliushika waya kwa mkono mmoja na ungo kwa mwingine, akaingia mbio. Alikuwa akiyarudisha mawe, limebaki moja, wakati kivuli cha tumbo la Gikonyo kilipojaza mlango, na nyuma yake Hesbon.

Hesbon aliuona ungo. Akauona mkono wa mkewe ndani ya mgongo wa mashine.

"Mama Viola. Unafanya nini?"

"Nimeyapasha," Phelista alisema kwa furaha, akisukuma la tatu. "Nimeyaanika tangu uende. Yana nguvu sasa hata mtu anaweza kupikia chai."

Hesbon alinyoosha tai yake. 

"Haya, tuone mgonjwa," Gikonyo alisema, akichomeka waya mwenyewe. Mashine ikaguna. Taa zikawaka zote mara moja, kama harusi, zikazimika zote. Ikabaki moja, nyekundu.

Gikonyo akatia sarafu. Sarafu ikaanguka chini ikarudi. Akavuta mkono wa chuma. Mkono ukakataa kama wa mtoto anayepelekwa kwa sindano.

"Imefanya nini hii?"

"Imesahau," Hesbon alisema.

Gikonyo alizunguka nyuma, akainama kwa kuhema, akaweka kidole kwenye kikasha. Akakitoa haraka. "Mbona haya mawe ni moto? Nani alitoa mawe?"

Phelista aliutazama ungo. Alianza kuelewa.

"Ni mimi," Hesbon alisema.

"Baba Viola..."

Hesbon alimtupia jicho la baa, lile linalomwambia mlevi aketi bila kumgusa. Phelista akaketi.

"Wewe, mzee?" Gikonyo alisimama akacheka mpaka akashika kiuno. "Umekaa na wazungu miaka hiyo yote, unavaa tai, unajua wiski kwa majina, na bado unaanika mawe kama mchunga ng'ombe wa kule Kwanza?"

"Nilikosea, bwana."

"Kifunguo kiko?"

"Kilienda na Mzungu."

"Basi hii ni bati." Gikonyo alijipangusa machozi ya kicheko. Alikuwa mtu wa biashara, na kicheko chake kilikwisha pale hesabu ilipoanza. "Nikupe elfu mbili. Nichukue kioo na hayo magurudumu niweke kwa ukuta ya baa, watu wakipiga picha. Hiyo ingine niuze chuma."

Phelista alimvuta mumewe koti kwa nyuma. "Chukua," alinong'ona. "Baba Viola, chukua."

"Hapana, bwana," Hesbon alisema. "Asante."

"Nikuongeze mia tano, ya nauli."

"Hapana."

"Mzee, hata kubeba tu hii kitu ni pesa."

"Nimesikia, bwana. Safari njema."

"Mkutano umeisha!" Jerono alipiga kelele kutoka ng'ambo, na waya wake ukachomoka, ukapita sakafuni kama nyoka aliyeonwa, ukatoka mlangoni. Taa nyekundu ikazimika. Gikonyo alisimama kidogo, akasema kumbe hata stima ilikuwa ya kuiba, akaenda zake.

Walikaa kitandani. Ungo ulikuwa katikati yao.

"Mbona ulisema ni wewe?" Phelista aliuliza.

"Ni mimi. Fundi aliniambia nikuambie usiguse."

"Na mimi nilikuambia usiniambie."

"Ndiyo."

"Sasa elfu mbili na mia tano ulikataa kwa nini? Ni bati kumi na ngapi hizo?"

Hesbon alilegeza tai. Ilikuwa tai ya klabu, na kesho yake ingerudi kwa Bwana Kipkosgei pamoja na koti. "Miaka ishirini na zaidi, Nekesa," alisema. "Ile pesa ningeshika, hiyo ndiyo ingekuwa bei yangu."

Phelista alitaka kumwambia kwamba sasa bei yake ni sifuri, na kwamba sifuri haiezeki nyumba. Lakini mtu aliyeanika mawe asubuhi hana mdomo mchana. Aliinuka akaanza kufunga vyombo.

*

Gari la kabeji liliwapeleka Kimilili, mashine imelala chali juu ya kitanda chao kama mwenye nyumba. Bramwel aliwafungulia jiko lake la zamani, lililobaki bure alipojenga lingine. "Kaeni hapa kidogo," alisema, "mpaka mjipange."

Mkewe Nasimiyu alilifagia mwenyewe, akatoa kila kilicho chake, ila mahindi ya mbegu yaliyoning'inia darini. Hayo aliyaacha. Kwa hiyo kila siku aliingia kuangalia mbegu zake, na mtu anayeangalia mbegu zake hapigi hodi. Alimkuta Phelista akioga. Alimkuta Hesbon akisali. Alichungulia sufuria. "Ah, leo ni kunde," alisema, na kufikia jioni boma zima lilijua leo kwa akina Hesbon ni kunde.

Wanaume wa kijiji walikuja kuiona mashine. Wakauvuta mkono wake bure, wakasukuma, wakapiga teke, wakamwita Hesbon "Klabu", na baada ya wiki chache wakachoka, ila jina likabaki. Mtu akiwa na kibarua cha palizi alisema, "Mwite Klabu." Kwenye harusi walimwita agawe soda, kwa sababu alijua kushika chupa tatu kwa mkono mmoja, na wakamlipa kwa soda. Kanisani Phelista aliketi benchi la nyuma. Huko mwekahazina alikuwa Nasimiyu.

Mahindi yalipandwa, yakavunwa, yakapandwa tena. Bramwel hakusema tena "kidogo", wala hakusema neno lingine. Kwenye kipande cha Hesbon nyasi ziliota mpaka kiunoni, na ng'ombe wa Bramwel wakazila, jambo lililomwepusha Hesbon na aibu ya kuonyeshwa kwa fimbo.

Asubuhi moja Phelista alikuwa nje akiosha sufuria aliposikia akiitwa.

"Nekesa! Kuja uone!"

Aliingia na mikono yenye masizi. Hesbon alikuwa amesimama mbele ya mashine. Kuku mwekundu alikuwa akishuka kutoka kwenye sinia la bati chini yake, lile la kuangukia sarafu, akipiga kelele kama aliyeshinda kesi. Ndani ya sinia palikuwa na yai.

"Imelipa," Hesbon alisema.

Phelista alitazama yai, akamtazama mumewe, na kicheko kikamtoka kabla hajakipa ruhusa. Hesbon naye akacheka, mdomo wazi, meno yote nje, yale yaliyobaki na mapengo yake, kicheko ambacho hakuna mwenye shamba aliyewahi kukisikia. Phelista alicheka mpaka akaketi chini.

"Vuta tena," alisema akijifuta macho. "Labda itatoa la pili."

Hesbon akavuta. Mkono ukakwaruza kidogo, ukakataa. Wakacheka na hilo pia.

"Tulichemshe," Hesbon alisema. "Tukate kwa uzi, nusu kwa nusu."

"Kula lote wewe. Una palizi leo."

"Nusu kwa nusu, Mama Viola. Ni pesa ya kamati."

Walikuwa bado wanabishana kivuli kilipoingia. Nasimiyu alikuwa amesimama ndani, macho kwanza juu kwenye mbegu zake, kisha chini.

"Nimesikia kuku yangu," alisema.

 Akanyoosha kiganja, bila ubaya, kama mtu anayeomba apewe chumvi. Phelista aliinuka kutoka sakafuni. Alilichukua yai siniani, akalipangusa masizi ya vidole vyake kwa ncha ya leso, akampa.

Nasimiyu alilipima uzito kwa mkono, akaridhika. Mlangoni aligeuka.

"Na akirudi kesho kutaga hapo, msimfukuze," alisema. "Amepapenda."